Kamba ya Wakaa Kitako

Chirau alikuwa na matende ya mguu wa kulia, na tangu mguu ule umshinde alikuwa hatoki barazani kwake Msambweni. Alisuka makuti, akala, akalala. Mwaka wa hamsini na nne akaja kijana mmoja wa serikali, Garama, akipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watu kama yeye: wazee, wanene, wenye viungo vibovu. Alisema ameleta michezo ambayo hata wakaa kitako wataiweza.

"Mimi nicheze nini, mwanangu?" Chirau alimwuliza.

"Kamba, mzee. Kuvuta kamba hakutaki mbio."

Alikwenda kwa sababu ya jirani yake Shutu, mshona kofia mwenye kifua kibovu, aliyemshika mkono akamwambia, "Twende tukachekwe pamoja."

Hawakuchekwa. Garama alimweka Chirau mkiani mwa kamba, na ule mguu mzito ukazama mchangani kama nguzo. Hapakuwa na wa kumsogeza. Kila Jumamosi alasiri walivuta. Shutu alipungua kukohoa. Chirau akaanza kwenda msikitini kwa miguu yake mwenyewe, na mkewe, Mwanasha, akawa anampakulia chakula zaidi.

Siku moja ya sherehe wageni wakubwa walikuja kutoka Kwale, wakawekewa viti chini ya turubai. Timu ya Gazi nayo ilifika kushindana kamba. Kabla hawajaanza, Chifu Boga alimwita Garama pembeni, na Garama akarudi asimtazame mtu usoni.

"Mzee Chirau, kuna mbio kwanza. Za wenye matende."

"Ulisema hakuna mbio."

"Chifu ameagiza, wageni wafurahi kidogo. Nikikataa, michezo yote itafungwa."

Chirau aliwageukia wenzake. Shutu akainamisha kichwa. "Kimbia tu, ndugu yangu," alisema. "Ni mara moja. Tusije tukanyang'anywa kamba."

Akakimbia, na wenzake wawili wa maradhi yale yale. Shuka ilimfunguka, akaikamata kwa mkono mmoja; akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wageni walicheka hadi wakajipangusa machozi. Upande wa wanawake alimwona Mwanasha ameziba mdomo kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Akadhani analia. Alipomkaribia aliona anacheka.

Kisha wakaitwa kwenye kamba. Chirau alishika mkia wake, na timu ikavuta vizuri. Watu wa Gazi walianza kuteleza. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa Shutu, shati limelowa jasho. Ni mara moja, alikuwa amesema. Gazi walipojikaza tena, Chirau akafungua mikono.

Wenzake wote walikwenda kifudifudi, wakaburutwa. Uwanja ulicheka kuliko mwanzo, na Chirau akaona raha, raha ya kweli, kama ya maji ya kwanza baada ya funga. Haikumtoka mpaka alipoona Shutu hainuki. Alikuwa amejizungushia kamba mkononi, na mkono ule sasa ulitazama upande usio wake.

Mfupa uliunga umepinda, vidole visiweze tena kushika sindano. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekuja uwanjani. Garama alihamishiwa kwingine, kwa cheo kikubwa zaidi.

Chirau alikwenda kumjulia Shutu hali. Mke wa Shutu akawaletea kahawa.

"Kamba ilinichopoka, ndugu yangu," Chirau alisema.

"Wakati ule nilikuwa nimegeuza kichwa nyuma," Shutu alimjibu taratibu. "Nilitaka kuona kama u mzima baada ya zile mbio."

Akakiinua kikombe. "Uniwie radhi, nanywa kwa mkono wa kushoto mbele ya mgeni."

Wakanywa hadi birika likaisha. Shutu alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea afya njema, wala hakumwambia karibu tena. Chirau alirudi kwenye makuti yake. Kabla ya mwaka kwisha, mguu ulikuwa umevimba hata msikitini hafiki.