Tiketi Mbili za Agya Ampofo

Pokuaa alikuwa akiuza tiketi za ndege pale Adum, katikati ya Kumasi, tangu enzi za tiketi za karatasi, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Foleni ilikuwa ikifika hadi kwenye ngazi. Siku hizi alikaa peke yake na feni, akiwangoja wazee wasiojua kununua kwa simu. Biashara ilikuwa inakata roho, naye alijua, ila ungemwambia hivyo angekununia mwezi mzima.

Basi alifurahi kupita kiasi siku ile ya Januari alipoingia Agya Ampofo, dereva mstaafu wa malori ya mbao, akiwa na mpwa wake Akyaa, muuguzi. Mzee alitaka kwenda Toronto. Binti yake wa pekee, Dufie, alikuwa amelazwa huko, na madaktari walishaacha kumtibu. Walikuwa wanampunguzia maumivu tu. Walisema wiki mbili, labda. Viza ya Kanada ilitoka jana yake. Mzee alisema haombi makubwa, anataka kumkuta binti yake angali anamtambua.

Pokuaa alitaja bei. Akyaa akanyanyua simu yake, akamwonyesha bei ya chini kidogo kuliko ile.

"Sasa Anti, niambie," alisema, "wewe hapo katikati unafanya nini hasa? Unatuuzia kiti cha ofisi?"

Mzee alimkemea mpwa wake, lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Pokuaa alicheka kicheko cha nje, akageukia kompyuta, akaanza kuchimba. Dakika ishirini baadaye alikuwa na bei iliyoiacha simu ya Akyaa mbali sana. Aliikata safari vipande viwili: tiketi ya shirika moja kutoka Accra hadi Brussels, na tiketi ya shirika jingine kutoka Brussels hadi Toronto. Akyaa aliirudisha simu mkobani. Hilo lilimnogea Pokuaa kuliko faida yenyewe.

Kazi hii ina mambo ambayo mtu hufundishwa wiki ya kwanza. Mwenye tiketi moja hupokezwa kutoka ndege hadi ndege, yeye na begi lake, bila kutia mguu nje ya uwanja. Mwenye tiketi mbili hukabidhiwa begi lake katikati ya safari, apite kwa watu wa uhamiaji, aingie upya kama anayeanza. Kupita hapo kunataka viza ya nchi ile, na viza ya Kanada haimsaidii. Pokuaa alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Mabinti aliowahi kuwaajiri aliwafundisha yeye mwenyewe, na mmoja alimfukuza kwa kulisahau. Lakini siku ile alikuwa anashindana na simu, na mtu akishindana huona kile tu anachokimbilia.

Jumamosi jambo hilo lilimpitia kichwani, akasema ataangalia. Lakini Jumamosi ya Kumasi ni ya mazishi. Alivaa nguo zake nyeusi, akaenda kuzika mtu wa kanisani, akakaa na wafiwa hadi jioni, na jambo likamtoka.

Jumatatu, jua likizama, mzee alipiga simu kutoka uwanjani Accra.

"Mwanangu, wamenirudisha. Wanasema nikifika huko Brussels sitapita. Wanaongea haraka, sisikii vizuri. Nifanye nini?"

Pokuaa alielewa papo hapo kosa lilipo. Angeweza kusema pale pale. Badala yake alisema watu wa uwanjani wamekosea, kwamba siku hizi wanaajiri watoto wasiojua kazi, na kwamba yeye atalinyoosha. Mzee alishukuru. Alikaa kwenye benchi la uwanja na begi lake la unga wa muhogo, shito ya pilipili na samaki wa kukaushwa, akimngoja.

Lakini ilikuwa Januari, na kila aliyerudi nyumbani kula Krismasi alikuwa anaondoka. Ndege zote zilikuwa zimejaa. Pokuaa alipigia kila aliyemjua, wengine hawakuwa wameongea naye kwa miaka, akabembeleza, akajidhalilisha, akalia na mmoja kwenye simu. Kiti cha kwanza kilichopatikana kilikuwa cha siku ya sita. Alikilipia kwa pesa zake. Mzee akarudi Kumasi kwa basi kungoja.

Dufie alifariki siku ya nne.

Wiki moja baadaye Agya Ampofo aliingia ofisini peke yake, amevaa nguo nyeusi na kitambaa chekundu shingoni. Alikaa kiti kile kile. Aliongea taratibu, akasema ukoo umekaa na kuamua Dufie azikwe Kumasi, kwa hiyo mwili unatakiwa uletwe. Akatoa karatasi yenye jina kamili la binti yake, akaisogeza mezani.

Pokuaa hakuigusa. Alikuwa amejiandaa siku zote hizo asiseme, na sasa hakuweza tena.

"Agya, hawakukosea wale wa uwanjani. Nilikosea mimi. Niliikata tiketi yako vipande viwili ili nimshinde Akyaa."

"Najua," alisema mzee. "Msichana wa pale uwanjani alinieleza vizuri sana, hata akanichorea. Ndipo nikakupigia."

Pokuaa alimtazama. Alikumbuka ile simu, na uongo wake mrefu, na yule mzee akimwitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu.

"Akyaa anataka kununua kwingine," mzee aliendelea. "Nimemkatalia. Hao wengine siwajui. Wewe kosa hili hutalirudia mpaka unakufa."

Hakusema kwa hasira. Pokuaa angeshukuru kama ingekuwa hasira. Alivuta karatasi, akasoma jina la Dufie, na tarehe ya kuzaliwa, akaanza kuandika.