Bolti ya Chini

Mimi ni fundi wa breki, na watu wanaokaza bolti kwa nguvu za ugali wananichefua. Utamwona mtu anachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anavuta mpaka mishipa ya shingo inamtoka, halafu anajipiga kifua: "Hii haifunguki leo wala kesho!" Kweli haifunguki, inakatika. Bolti zinazoshika kalipa, lile koleo la chuma linalobana diski ili gari lisimame, zina kipimo chake. Ukizidisha, zinavutika na kukatika. Ukipunguza, zinajifungua zenyewe barabarani. Ndiyo maana gereji yetu hapa Buzuruga ina spana ya kipimo, ambayo bolti ikifikia kiwango inalia "ka!" nawe unaacha. Tena ina sheria: spana hiyo haiondoki kwenye gurudumu mpaka bolti zote mbili zimelia. Ukikuta gurudumu halina spana pembeni, ujue kazi imekwisha, funga tairi.

Sheria hiyo niliitunga mimi, Mayala. Na aliyeivunja ni mimi.

Siku hiyo nilikuwa na Subaru ya Osward, kijana mmoja mhandisi kutoka Bukoba. Gari la mbio hasa, limeshushwa mpaka linakaribia kulamba lami. Lilikuwa linawekwa diski mpya na pedi mpya mbele, na mwenyewe alitaka kuwahi Shinyanga kabla ya saa nane. Gurudumu la kushoto nilishalimaliza. La kulia, bolti ya juu ilishalia. Ya chini nilikuwa nimeiingiza kwa vidole tu, kama inavyotakiwa, ili isile nyuzi zake. Nikaokota spana niimalize. Hapo nikasikia sauti getini.

"Hodi wenyewe! Nina mzigo wa kumwachia Mayala, mume wa Evelina."

Alikuwa mama mkwe.

Asiye wa kwetu atanicheka, na acheke. Sisi Wasukuma tuliolelewa kizamani hatukutani uso kwa uso na mama wa mke. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkikaribiana njiani mwanaume ndiye anayeingia porini. Vijana wa mjini wameshaacha, lakini mimi baba yangu alinifunza hivyo na sikuona sababu ya kubadilika. Miaka minane ya ndoa, salamu zetu zote zilipitia kwa Evelina. Jina la mama yule silitaji hata hapa. Kwa hiyo siku ile sikufikiri kitu. Nilichomoka pale kwenye gurudumu, nikazunguka nyuma ya tenki la maji na kuchuchumaa kwenye tope, mtu mzima na ndevu zangu.

Jirani zetu wanyoosha bodi walikuwa wanagonga nyundo kama wamelipwa kunitoboa masikio, sikusikia kilichoendelea. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe mwenzangu Kashindye akaja ananicheka.

"Toka huko, shujaa. Mama ameshaondoka. Kawaletea watoto wako michembe, vile viazi vya kukausha."

Nikatoka nacheka na mimi. Kisha nikaona pale palipokuwa na Subaru hapana kitu.

"Gari liko wapi?"

"Osward si alikuwa na haraka? Kaondoka nalo. Tena mama ana bahati, kapata lifti mpaka Buhongwa akapande gari la kwao Misungwi."

"Tairi la kulia nani kafunga?"

"Mimi. Si ulishamaliza? Spana haikuwepo."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Spana ilikuwa humo, nimeikumbatia tangu nilipokimbia.

Bolti iliyoshikwa na vidole inaweza kwenda kilomita tatu, inaweza kwenda kumi. Ikishadondoka, kalipa inaning'inia kwa bolti moja, na siku dereva akikanyaga breki kwa nguvu inazunguka na kujikita kwenye rimu. Gurudumu linagoma palepale. Kama gari liko kwenye mia na ishirini, hesabu watu uwazike. Na Osward akishavuka Mkolani barabara ikanyooka, haendeshi chini ya mia na ishirini.

Nikampigia. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Nilimjua yule kijana, akishawasha muziki wake hata radi haisikii. Nikadaka bodaboda, nikamwambia dereva Buhongwa, akate kona zote anazozijua. Njiani nikampigia Evelina ili ampigie mama yake, lakini Evelina ni mwalimu, na akiwa darasani simu inabaki ofisini. Nilipiga mara nne. Tulipofika Mkuyuni, ziwa likiwa upande wetu wa kulia, nikajua amebaki mtu mmoja tu wa kupigiwa.

Namba yake nilikuwa nayo tangu siku za posa. Sikuwahi kuigusa. Nawaambia kweli, pale kwenye pikipiki, roho za watu zikiwa mikononi mwangu, kidole changu bado kilisita. Niliona aibu. Nikajitukana kwa Kisukuma, nikapiga.

"Halo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi Mayala."

Nyuma yake nikasikia ngoma za muziki wa Osward.

"Mayala wa Evelina?"

"Ndiyo mama. Sikiliza, mwambie dereva—"

Sikuwa nimefikiria atakavyoielewa simu yangu. Mkwe ambaye hajakupigia miaka minane, siku akikupigia mwenyewe, kwa sauti ya kutetemeka, anakuletea habari gani kama si msiba?

"Evelina!" Alipiga ukunga ulionipasua sikio. "Mwanangu wee! Mwanangu kafa!"

Kisha nikasikia Osward akiuliza kwa mshtuko kuna nini, matairi yakilia, kishindo cha chuma, na simu ikakatika.

Nilimwambia dereva wa bodaboda aongeze mwendo. Alisema pikipiki haina zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeua. Kichwani nilimwona Evelina akitoka darasani na chaki mkononi, akiuliza mama yake kafia wapi, na mimi nikieleza kwamba nilijificha nyuma ya tenki.

Tuliwakuta kabla ya Mkolani. Subaru ilikuwa imekaa mshazari, pua ndani ya mtaro, gurudumu la mbele la kulia limegoma, na nyuma yake mstari mweusi wa tairi kwenye lami. Watu walishajaa. Osward alikuwa amesimama, anashika paji la uso lililovimba. Mama alikuwa amekaa chini kwenye kokoto, mzima, kanga kaifunga kiunoni, anamlilia mwanawe.

Wanawake wawili walikuwa wanambembeleza. Nilipasua katikati yao. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, Evelina mzima. Hakuna aliyekufa. Yuko shuleni anafundisha."

Alinitazama kama haelewi Kiswahili. "Unanidanganya ili nisilie barabarani."

"Sikudanganyi, mama."

Osward akanisogelea. "Fundi, kalipa imezunguka. Tulikuwa tunapunguza kwa ajili ya tuta, ndiyo pona yetu. Gurudumu hili nani kafunga?"

Hapo Shetani alinipitia, sifichi. Aliyefunga tairi ni Kashindye, na Kashindye hakuwepo. Neno moja tu lingetosha, tena lingekuwa la kweli.

"Kafunga Kashindye, lakini kosa ni langu," nikasema. "Bolti ya chini sikuikaza. Nilisikia sauti ya mama getini nikakimbia, na spana nikakimbia nayo."

Osward aliinama kuichungulia kalipa. Mama alikuwa ananitazama tu, machozi yamemkaukia nusu ya shavu. Nikangoja aichomoe mikono yake. Nilistahili hata kofi.

Simu yangu ikaita. Evelina, mapumziko ya saa nne na nusu, kaona nimempigia mara nne. Niliipokea nikamwambia asiulize kitu, azungumze na mama yake. Mama alijaribu kuishika ikamponyoka, kwa hiyo nilimwekea sikioni mimi mwenyewe.

Aliposikia sauti ya mwanawe alilia upya, safari hii kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeng'ang'ania wangu, wenye grisi.

"Mimi mzima," alisema mwishowe. "Niko na mumeo hapa." Akasikiliza kidogo. "Hapana. Leo hajakimbia."