Mzee Masolwa wa Miezi Kumi

Mjukuu wangu alipopewa jina la marehemu baba yangu, Masolwa, nilitambua kwamba mambo kadhaa nyumbani kwangu hayangeweza kuendelea kama zamani. Kwetu Unyamwezi anayechukua jina la mzee huchukua na heshima yake. Kwa hiyo kila asubuhi mke wangu, Dafrosa, alipomleta mtoto sebuleni, nilisimama, nikavua kofia na kusema, "Shikamoo, baba." Alikuwa na miezi kumi. Hakuitikia, nami sikulalamika. Marehemu naye hakuwa mwepesi wa kuitikia.

Najua wapo wanaomwita mtoto "baba" kwa mdomo tu, kisha humrusha hewani kama mpira. Mimi nimelelewa na shule ya bweni, ambako tulifundishwa kwamba jambo ukilikubali, usilikubali nusunusu. Masolwa alikaa kwenye kiti cha mbele mezani, ameegemezwa mito. Alipewa uji kabla yangu. Alipoonyesha dalili ya kutaka kusema, redio ilizimwa.

Ugumu ulikuwa kwa Dafrosa. Nilimkumbusha kwamba kwa utaratibu huo mtoto ni baba mkwe wake, na baba mkwe hasogelewi ovyo.

"Sawa," alisema. "Baba mkwe amechafua nepi. Wewe ndiye mwanawe, lete beseni."

Nilimruhusu aendelee na utaratibu aliouzoea.

Mama wa mtoto, binti yetu Jenifa, alikuwa amehamishiwa kazi Dodoma, akatuachia mtoto hapa Kwihara hadi atakapopata makazi ya kueleweka. Mimi nilitaka abaki hata baada ya hapo. Nilipelekwa bweni nikiwa mdogo. Baba nikawa namwona likizo tu, Bukene, alikokuwa mfanyakazi wa reli, na alifariki nikiwa kidato cha tatu. Sasa, nikiwa mwalimu mstaafu mwenye mvi, nilikuwa naishi naye nyumba moja, si likizo tu, kwa mara ya kwanza. Sikuwa tayari aondoke tena.

Tulipompeleka kliniki mjini, muuguzi aitwaye Bi. Ghadir alimpima uzito akaridhika. Kisha akamtolea ulimi. Masolwa alimtazama kama mkaguzi wa elimu anavyotazama darasa chafu.

"Mtoto huyu hachezewi nyumbani?" muuguzi aliuliza.

"Nyumbani huyu ni mheshimiwa," alijibu Dafrosa. "Babu yake anampigia saluti."

"Mzee, ubongo wa mtoto hukua kwa kuchezewa. Akitoa sauti, mjibu, halafu subiri naye akujibu. Akiangusha kitu, mwokotee. Jifunike uso, jifunue. Shuka chini alipo."

"Bi. Ghadir, wewe ungemtolea ulimi baba yako?"

"Baba yangu, Mzee Humaidi, ana miaka themanini na moja."

"Wangu amemzidi," nilisema.

Jioni hiyo hiyo Dafrosa alimpigia Jenifa simu na kumweleza kila kitu, bila kunipunguzia hata neno.

"Baba," Jenifa alisema, "mwezi ujao nakuja. Nikikuta mtoto hachezewi, namleta huku. Jirani na kazini kwangu kuna kituo cha watoto wadogo, wanacheza nao kutwa."

"Nitamheshimu maradufu."

"Sijasema umheshimu. Nimesema ucheze naye."

"Siwezi kucheza na baba yangu."

"Basi nakuja na begi."

Nilitafakari sana. Kuvunja msimamo ili kumbakiza baba nyumbani kungekuwa kumbakiza kwa kumdharau. Niliamua kutafuta kama kulikuwa na adabu yoyote niliyokuwa sijaitimiza, na kwa kweli nilikuta nyingi.

Kwanza, Masolwa siku hizo alikuwa amekichoka kiti, akipendelea mkeka. Haifai mwana kumtazama baba yake kwa juu. Nilishuka mkekani. Alipolala kifudifudi, nami nililala kifudifudi, nikiwa na tai yangu shingoni. Alipoanza kutambaa kuelekea uani, nilimfuata kwa mikono na magoti, nikibaki nyuma yake, kwa kuwa kumtangulia mzee njiani ni utovu wa nidhamu. Tulikuwa tumefika kwenye banda la kuku, ndipo jirani yetu Wilbroad alipoingia kuazima jembe.

"Mwalimu, umepoteza kitu?"

"Namsindikiza baba."

"Anakwenda wapi?"

"Hajasema."

Wilbroad alisubiri kidogo, labda kuona kama atasema, kisha akachukua jembe mwenyewe.

Pili, ilikuwapo habari ya kuoga. Mwana haangalii utupu wa baba yake. Dafrosa alipomwogesha, nilikaa karibu kwa ajili ya usalama, lakini nimejifunika uso kwa taulo. Usalama nao unadai mtu aone. Kwa hiyo nilishusha taulo kuhakikisha kwamba hajateleza, nikalipandisha upesi. Nikahakikisha tena. Ndani ya beseni ikatoka sauti ambayo haijawahi kusikika katika nyumba hii.

"Mzee amecheka," Dafrosa alisema.

"Mimi sikuona. Nilikuwa nimejifunika."

"Hebu jifunue tena uone."

"Kama hajateleza, sina sababu."

"Ameteleza," alisema mke wangu, ambaye ni mwongo akiwa na sababu nzuri. Nilishusha taulo. Masolwa alipiga maji kwa viganja vyote viwili, akanilowesha mpaka fulana ya ndani.

Tatu, baba akisema haachwi bila jibu. Alikuwa ameanza hotuba zake za "da-da-da", na mimi, popote nilipokuwa, niliitika "Naam, baba," kisha nikanyamaza kumpisha, kwa maana mkubwa hakatizwi. Aliendelea, nikaitika, akaendelea. Siku moja mazungumzo hayo yaliunguza maharage.

Naelewa kwamba Bi. Ghadir alitaja mambo yanayofanana na haya. Kufanana si kuwa kitu kilekile.

Jenifa alifika kwa treni, akiwa na begi. Hata chai hakunywa.

"Baba, umecheza naye?"

Dafrosa alinikanyaga chini ya meza. Nilijua kabisa jibu lililotakiwa na nilichokuwa nakaribia kupoteza. Lakini baba yangu alikuwa ameketi palepale mkekani, mbele ya bakuli lake la uji, akinitazama.

"Sijacheza naye hata mara moja."

"Mwanamume huyu," Dafrosa alimwambia binti yake, "muulize vizuri. Hujui kumuuliza."

"Mama, nimemuuliza kwa Kiswahili, na amenijibu kwa Kiswahili."

Jenifa aliingia chumbani. Nilisikia droo ikivutwa na nguo zikitupwa ndani ya begi. Nilitaka kumwambia baba kwaheri kwa maneno yaliyopangika, kama nilivyokuwa nikimwambia stesheni likizo zilipokwisha, lakini maneno hayakupangika. Nikabaki nimeshika kofia.

Masolwa aliangusha kijiko.

Nilikiokota, nikakifuta, nikampa kwa mikono miwili kama inavyostahili. Alikichunguza, akakirusha mbali zaidi. Nilikifuata. Akakirusha tena, safari hii kikaingia chini ya kabati la vyombo, nami nikaingia kwa kichwa na mabega, tai ikanaswa kwenye msumari. Nyuma yangu alikuwa anacheka kicheko cha kukata pumzi, kile kinachoishia kwenye kwikwi.

"Baba," ilisema sauti ya Jenifa mlangoni, "unafanya nini?"

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mwenye mamlaka."

"Umeanza lini kutumwa hivi?"

"Tangu ulipokata simu," alijibu Dafrosa. "Anatumwa kutwa. Juzi ametumwa mpaka banda la kuku."

Kisha nikasikia Jenifa akiketi mkekani.

"Kama huyu ni baba yako, kwangu ni babu," alisema taratibu, "na babu ni mtani wangu. Sivyo, Mama?"

"Ndivyo ilivyo."

"Haya, wewe kizee kibogoyo. Unamtesa baba yangu kwa nini? Hata aibu huna, umevaa nepi mbele ya mjukuu."

Masolwa alimjibu kwa kumtemea uji. Nilisikia wote wawili wakicheka, halafu Jenifa akijipangusa.

"Kule kituoni," alisema hatimaye, "hakuna mtu atakayeingia chini ya kabati."

Nilisikia hatua zikirudi chumbani, kisha zipu ya begi ikivutwa, na droo ikifunguliwa tena kupokea nguo. Tai ilikuwa imekwisha kunasuka wakati huo na kijiko nilikuwa nacho mkononi. Nilikaa chini ya kabati muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa mtu wa umri wangu ana haki ya kuutengeneza uso wake kabla ya kutoka mbele ya baba yake.