Moshi wa Babu Yake Mjomba Clem

Mjomba Clem alikuwa amekalishwa ukumbini kwa nusu saa nzima, beji ya mgeni shingoni. Kwao, jangwani Australia, mzee huyu, aliyeitwa Mjomba na kila mtu kwa heshima, akiinuka kusema, wagomvi hunyamaza. Makumbusho ya London yalimwambia asubiri. Alikuja kumchukua babu yake, mifupa iliyofukuliwa na kuletwa huku zaidi ya miaka mia iliyopita, na ndege ilikuwa jioni hiyo hiyo.

Mwanamwema, Mpemba mwenye funguo za stoo, ndiye aliyelileta sanduku la mifupa kwa toroli. Mzee alikuwa ameshatoa majani makavu mfukoni. Bila moshi, alimweleza, babu hatajua kwamba anarudi. Mifupa itasafiri, mwenyewe abaki.

"Hatuwezi, fire alarm italia," alisema Emma, meneja, huku akitabasamu. Akatoa kichupa. "Ila nimeleta spray. Harufu ni ile ile."

Mzee alikitazama kile kichupa. "Basi siondoki," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Hasira zilimpanda Mwanamwema. Mamake alipokufa alimfukizia udi na ubani. Nani angethubutu kumletea kichupa cha chooni? Kweli, akutukanaye hakuchagulii tusi. Na kule uani, si Emma na wenzake wanavuta sigara kutwa?

Akalisukuma toroli kuelekea mlango wa nyuma.

"Mwanamwema! Halitoki mpaka form isainiwe!"

"Lilipoingia, form alisaini nani? Marehemu?"

Uani mzee aliyawasha majani juu ya kifuniko cha bati. Moshi ukafuka mzito. Akazungumza na babu yake kwa lugha yao, kwa kirefu, bila kumtaja jina, maana kwao jina la maiti halitajwi. Kisha akamfukiza Mwanamwema toka kichwani hadi miguuni, ili marehemu asing'ang'anie watu wa hapa.

Emma alikuwa ameshatokeza mlangoni, simu sikioni, akimshitaki Mwanamwema kwa wakubwa.

"Na huyu pia," mzee akasema.

"Mjomba, huyo mwache!" Mwanamwema alifoka. "Hastahili."

"Nikimwacha, mwanangu, babu atabaki kwake. Nimekuja kumchukua asibaki hata chembe."

Mwanamwema aliuendea mlango. Halafu akamshika Emma mkono, akamvuta ndani ya moshi, na wala hakumvuta taratibu.