Mtu wa Kumpeleka Orrin Teakettle

Sheria yetu huku Wyoming inasema mtu wa jimbo jingine haingii kuwinda katika pori la hifadhi bila kiongozi. Kaka yangu Orrin alizaliwa chini ya mlima huu, akajifunza kutembea kwenye matope ya mto wake, lakini kwa sheria ni mgeni tangu alipokwenda Nevada kuwachimbia wengine dhahabu. Anaruhusiwa kupanda kupiga picha. Anaruhusiwa kuchuma maua. Akishika bunduki tu, eti hajui njia.

Nilikuwepo ukumbini, kwenye kikao cha jimbo, siku tulipojaribu kuifuta sheria hiyo. Verne Haskett, aliyekuwa akipeleka wawindaji milimani kwa farasi, alisimama kofia mkononi akasema sheria inalinda maisha ya wageni. Ililinda biashara yake. Nilimwambia hivyo mbele ya watu wote, na mpaka leo nakumbuka nani alinipigia makofi na nani aliangalia viatu vyake.

Kiangazi hiki Orrin alinipigia simu.

"Vel, nimeshinda bahati nasibu ya vibali! Kibali cha kuwinda elki, bonde la Teakettle!"

"Hongera, mzee wewe. Utapandaje na kifua hicho?"

"Kwa farasi, kama baba. Daktari anasema vumbi la mgodi limejaa mapafuni. Mwakani sijui, dada. Nitafutie mwenye msafara wa farasi."

Mkazi anaruhusiwa kumwongoza ndugu yake bure, lakini nyonga yangu ni ya chuma na farasi nilishaaga. Wenye msafara wanaoingia bonde la Teakettle ni wawili tu.

Nilianza kwa Brice Kettering, ambaye ukuta wake umejaa vichwa vya elki, wale kulungu wakubwa wa huku, mpaka dirisha halina nafasi.

"Kaka yako atarudi na dume lenye pembe za matawi sita kila upande," alisema. "Tunahakikisha."

Mtu anayekuhakikishia mnyama wa porini amekwisha kukudanganya. Hata hivyo nilitoka uani kuangalia nyumbu wake wa mizigo, waliofungwa kwa mlolongo tayari kuondoka. Huku kwetu, nyuma ya kila tandiko hufungwa kitanzi cha kamba dhaifu ya marobota ya nyasi, na nyumbu wa nyuma hufungwa kwenye kitanzi hicho. Mmoja akiteleza kwenye genge, kitanzi kinakatika, anaanguka peke yake. Kettering alikuwa amewafunga kwa kamba nene, fundo kwa fundo.

"Vitanzi viko wapi?"

"Vinakatika ovyo, mama. Vinatuchelewesha."

"Kukatika ndiyo kazi yake."

Akacheka kama mtu anayemsikiliza bibi wa mtu mwingine. Nikaondoka.

Akabaki Tully Haskett, mtoto wa Verne. Kwanza nilimpigia simu mteja wake mmoja, mwalimu wa Ohio. Sikutaka aliyepata elki. Nilitaka aliyerudi mikono mitupu.

"Mvua ilininyeshea wiki nzima," alisema. "Lakini nimerudi kwake tena na tena."

"Kwa nini?"

"Siku moja pumzi ziliniishia, nikaona haya kusema. Tully akashuka, akaanza kukaza tandiko ambalo halikuwa limelegea. Alilikaza mpaka nikapata pumzi. Hakusema neno."

Nilikwenda kwake nikiomba nikute kasoro. Nilizunguka nyumbu wote. Kila tandiko lilikuwa na kitanzi cha kamba ya marobota. Mbaya wangu alikuwa anafanya kazi vizuri, na hilo liliniuma kuliko kama angekuwa mwizi.

"Bi Velda," Tully aliita kutoka bandani. "Umekuja kunichomea nyasi?"

"Nina kaka anataka kwenda Teakettle. Ile sheria ya baba yako, wewe unaionaje?"

"Inanilisha."

"Hilo si jibu."

"Ndilo la kweli nililonalo."

Akaniuliza uzito wa Orrin, alipanda farasi lini mara ya mwisho, na mwisho akauliza afya. Hapo niliona mlango unaweza kufungwa. Ningesema mzima, angempeleka. Ningesema kweli, labda asingempeleka, na bonde lingebaki la kusimuliwa tu. Lakini huyu ndiye angekuwa naye kule juu, mimi nimekaa jikoni.

"Mapafu yake mabovu," nilisema.

Tully alisugua shingo ya nyumbu.

"Basi kambi ya juu hapana. Atalala ile ya chini, ukingoni mwa bonde. Pumzi zikikatika tunashuka, hata dume awe amesimama mbele yake. Akikataa nitamfunga kwenye tandiko."

"Atakutukana."

"Ukoo wenu umenitukana tangu nikiwa tumboni."

Nilikaa muda mrefu garini. Ningeweza kumwambia Orrin nimekosa mtu, kinyongo changu kikabaki kizima. Nimekilea miaka mingi, na bado naamini nina haki. Lakini nilikuwa nataka kukilipia kwa mapafu ya mtu mwingine.

Nikampigia Orrin. "Nimempata. Haskett."

Alicheka mpaka akakohoa. "Vel! Umempigia magoti Haskett?"

"Nyonga haikunjiki."

Asubuhi ya safari majani yalikuwa meupe kwa baridi.

"Masika nitakuwa kikaoni kuipinga sheria yenu," nilimwambia Tully.

"Kaa mbele, nyuma hakusikiki. Sasa mshike huyu farasi jike. Kaka yako anapandia kulia kwa ajili ya goti lake bovu, na jike hajazoea."

Nikashika hatamu za farasi wa Haskett, mwenye chapa ya Haskett begani, pumzi yake ya moto ikinipiga mkononi. Orrin alisimama juu ya gogo, akajaribu, akarudi chini akihema. Jike akacheza miguu. Nikamkazia hatamu, nikamwambia maneno ambayo baba alikuwa akiwaambia farasi wetu, nikashangaa kumbe bado ninayo. Kando yetu Tully, aliyekuwa tayari amepanda, alishuka, akainama, akaanza kukaza tandiko lake mwenyewe, polepole, bila kumtazama mtu.

Orrin akajaribu tena, safari hii akakaa.

"Achia, dada," alisema.

Nikaachia.