Mkia Mwekundu

Wilhelmina wa Nangara alikuwa mbishi, na mtu pekee aliyelibishia hilo ni yeye mwenyewe. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje kwanza ayakague mawingu. Msimu uliopita, wanawake wa jumuiya yake walipokuwa wakipaliliana mashamba kule Singe, leo kwako kesho kwangu, alibishana na mwenyekiti wao, Mama Rogathe, juu ya nafasi kati ya mistari ya maharage mpaka jua likazama kazi haijaisha. Tangu hapo zamu zikapangwa bila yeye. Hakuna aliyemfukuza. Walisahau tu kumwambia, na wiki iliyofuata wakasahau tena. Alipalilia peke yake, akitangaza kwamba ni afadhali hivyo, huku moyoni ikimuuma vibaya.

Kwa hiyo mchezo ulipokuja aliuona kama mlango wa kurudia. Aliyeuleta ni Edda, mpwa wa Mama Rogathe, anayesomea kilimo chuoni. Ulikuwa mchezo wa simu: unapewa uzi wa rangi nyingi uliovurugika, unaukunja kwa kidole mpaka utulie. Edda alieleza kwamba uzi ule ni picha ya protini ya ukungu unaoleta kutu kwenye majani ya maharage. Watafiti wakijua unavyojikunja, wanaweza kutafuta namna ya kuuzuia, na kompyuta zao zilikuwa zikikwama mahali ambapo jicho la mtu huenda lisikwame. Kutu hiyo waliijua wote, maana ilishawarudisha nyumbani na magunia matupu. Mama Pantaleo, ndivyo walivyomwita Wilhelmina, alikubaliwa kuingia kwa sharti moja la Mama Rogathe: asibishe.

Wakacheza kama wanavyolima. Shambani, anayemaliza mstari wake huvuka kumsaidia jirani. Basi Mama Rogathe akimaliza fumbo, alilipiga picha jibu lake akalituma kwenye kundi la WhatsApp, na wote wakakunja vivyo hivyo, asiachwe mtu nyuma. Katika kila fumbo uzi ulikuwa na ncha nyekundu kama mkia, na Wilhelmina aliona wazi kwamba mkia ule ulipaswa kuingizwa ndani, siyo kuachwa ukining'inia. Kidole kilimwasha. Akameza mate, akauacha nje kama wenzake, akaandika "Amina".

Jumamosi moja baada ya sala, uani kwa Mama Rogathe, Edda aliwasomea ujumbe kutoka kwa watafiti. Majibu ya kundi lao yalifanana mno, hata makosa yalifanana, na huko walishuku kwamba hawa si watu bali ni mashine. Wangepewa fumbo moja la mwisho. Kama hakuna linalobadilika, wataondolewa.

Kuitwa mashine kuliwaudhi kuliko kuondolewa. Edda akafafanua kwamba jibu huaminiwa pale watu wawili wasioonana wanapofika mahali pamoja, kwa hiyo kila mtu acheze peke yake. Skolastika, aliyekuwa akimimina chai, akauliza kama jirani amekwama na yeye ameshamaliza, afanyeje. Edda akajibu kwamba amwache. Ua mzima ukamkodolea macho, kana kwamba binti ametukana.

Mama Rogathe akageuka. "Mama Pantaleo, wewe ndiye mwenye mazoea ya kutokubali. Hebu tuonyeshe."

Wilhelmina aliogopa. Alikuwa amelipia kiti chake kundini kwa kunyamaza, na sasa anaombwa mdomo uleule uliomtoa.

"Nilikatazwa," alisema.

"Niliyekukataza ni mimi. Na ninayekuruhusu ni mimi."

Wakapeana migongo, wengine wakiutazama ukuta, mmoja akimtazama mbuzi. Mara tatu Edda aliwakemea watu wazima kwa kuchungulia. Wilhelmina aliinama juu ya uzi wake. Njia ya Mama Rogathe aliijua kwa moyo, na kuifuata kungekuwa salama, kwani hakuna anayesahauliwa kwa kukubali. Lakini mkia ulikuwa unaning'inia pale, na haukuwa sawa, na yeye hakuweza kusema uongo zaidi ya hapo. Akauingiza ndani. Uzi wote ukatulia. Akatuma, akaketi akisubiri kusahauliwa tena.

Edda alipokusanya majibu, safari hii karibu kila moja lilikuwa na njia yake, akacheka kwa furaha. Kisha alama ya kijani ikawaka kwenye simu yake: majibu mawili yamekutana. Moja la Mama Pantaleo. La pili la Mama Rogathe.

"Umechungulia," alisema Wilhelmina, kwa vile ndilo neno lililomjia kwanza.

"Mgongo wangu hauna macho." Mama Rogathe aliweka simu mapajani. "Tangu mwanzo nilitaka kuuingiza ule mkia. Nikaogopa, maana nikikosea nawakosesha wote. Nilikukataza, lakini nikawa nasubiri unibishie. Wewe ukaandika Amina."

Machozi yalimkaribia Wilhelmina, akasingizia moshi wa jiko.

Edda akasema kundi linabaki. Hakuna aliyemsikiliza sana. Mama Rogathe alikuwa amekwishasimama, akikung'uta kanga kama mtu anayefunga kikao.

"Zamu ya palizi inaanzia kwako, Mama Pantaleo. Jumatatu. Na usikatae."

Wilhelmina akapenga kamasi, akayaangalia mawingu.

"Jumatatu hapana," alisema. "Jumanne."