Mwana wa Mkafuri

Watu wa ofisi ya urithi walipokuja kuuzungushia uzio wa chuma ule mti wa mkafuri wa darajani, kijiji kizima cha Shuikou kilitoka kutazama, na kijiji kizima kikanung'unika, isipokuwa Suqin. Yeye alirudi nyumbani kimya, akaingia jikoni, akaanza kukatakata figili huku akiimba. Ilikuwa furaha ya mtu aliyefanya wizi mdogo na hakuonekana.

Kwenye uzio walining'iniza kibao. Mti wa kale, kilisema, urithi wa wilaya ya Yanxi. Ni marufuku kuchoma ubani, kufunga vitambaa au kuegemea.

"Hata kuegemea?" aliuliza Bi Tian, jirani yake Suqin, muuza tofu ya soya, mwanamke mwenye mwili na mdomo wa kutosha watu wawili. "Mume wangu akitoka kulewa ataegemea wapi sasa? Mimi simtaki!"

Watu walicheka, mafundi wakakusanya vyombo vyao, gari likateremka na barabara ya ukingoni mwa mto hadi likapotea kwenye kona ya magenge. Suqin alikuwa na lake moyoni.

Alikuwa na mwana mmoja, Zhangsheng, na mwana huyo hakuwahi kumwita mama hata siku moja. Kabla yake Suqin alizaa mara mbili, na mara mbili akaenda kuzika kule juu, nyuma ya vichaka vya chai, watoto ambao hawajapata hata majina. Huyu wa tatu alipozaliwa naye dhaifu, mama mkwe wake hakungoja kuambiwa. Alimfunga mtoto mgongoni, akamteremsha mpaka darajani, akaufunga mti kitambaa chekundu, akamwambia mtoto, "Huyu ndiye mama yako." Kisha akarudi nyumbani akamkazia macho mkwewe. "Na wewe kuanzia leo ni shangazi yake. Hao wasioonekana wa huko mlimani huwapokonya akina mama watoto wao. Shangazi hawana haja naye."

Mtoto akapona. Akanenepa, akakimbia, akavunja vyungu, akawa jitu la mtu. Na kila alipoumia goti alikuja analia, "Shangazi! Shangazi!" Suqin naye hakupata kumwambia "mwanangu". Alimwita kwa jina lake, akampuliza goti, basi.

Kwa kawaida watoto waliopewa mti, jiwe au daraja kuwa mama hukombolewa wakishakua, na mwisho kabisa ni kabla ya harusi. Unaupelekea mti jogoo, pombe na kitambaa kipya, unaushukuru kwa malezi, unaondoka bila kutazama nyuma, na ukikutana na mama yako unamwita kwa neno lake. Suqin alikuwa ameahirisha tangu zamani. Mwaka mmoja ulikuwa na ukame. Mwingine mumewe aliangukiwa na mawe machimboni akafa, nani angethubutu? Kisha Zhangsheng akaenda kuchimba mahandaki ya reli, kazi ya baruti na milima kuporomoka, na huo ndio haukuwa wakati wa kuchokoza mambo. Sasa harusi ilikuwa kesho, na hao watu wema wa wilaya wamemletea uzio. Kitambaa hakifungiki. Nani atamlaumu?

Lakini asidhani mtu kwamba hakulitaka neno hilo. Akipita nyuani mwa watu na kusikia watoto wakiita mama zao, alipunguza mwendo. Alilitamani kuliko alivyopata kutamani kitu chochote, na aliliogopa vivyo hivyo.

Kilichobaki ni bi harusi. Hexiang alitoka mbali, kule chini kwenye tambarare ya mabwawa ya yungiyungi, ambako mtu akisimama juu ya kiti anaona wilaya tatu. Alikutana na Zhangsheng kwenye kantini ya wachimba mahandaki, alikokuwa akipika. Kwa kuwa kwao ni mbali alifikia kwa Bi Tian, atolewe huko kesho. Mchana huo alikuja kumsaidia Suqin kufinyanga maandazi ya wali wa kunata, na mikono yake ilikuwa miepesi, na Suqin alimpenda hata akaogopa.

"Kesho asubuhi utanipa chai mbele ya watu," Suqin alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo." Hexiang aliona haya, akacheka kidogo. "Nimekuwa nikifanya mazoezi. Zhangsheng anasema nanong'ona. Nitaita kwa sauti, usiwe na wasiwasi."

"Usiite mama. Niite shangazi."

Mikono ya Hexiang ilisimama. Kwao, kama ilivyo pote, mkwe akipokea chai ndipo bibi harusi anapomwita mama, na mkwe akiitika ndipo ndoa inapokuwa ndoa. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu."

"Kama ni kwa sababu nilikuwa mpishi wa kantini..."

"Sivyo, binti. Hebu finyanga, wali unapoa."

Angemweleza vipi? Jambo lenyewe halisemeki kwa sauti. Ukilisema uani, umeshawaambia hao hao unaowaficha. Hexiang alimalizia sinia lake, akanawa mikono, akaaga kwa adabu, akatoka amekaza shingo ili asilie kabla ya kufika langoni.

Haikupita muda Bi Tian akaingia bila hodi.

"Dada, umemfanya nini mtoto wa watu? Amenililia kwenye pipa zima la tofu. Kesho wageni watasema nimezidisha chumvi."

"Wewe unajua sababu."

"Najua, sana tu. Zhangsheng ana miaka thelathini, analipua milima kwa baruti, na wewe bado unamficha chini ya shuka!"

Suqin alinyoosha kidevu kuelekea mlimani, kwenye vichaka vya chai. Bi Tian alifuata kwa macho, na ule mdomo wake ukatulia. Alivuta kigoda akaketi karibu yake, akachukua donge la wali akaanza kulifinyanga.

"Nitamweleza mimi," alisema hatimaye. "Nyumbani kwangu hakuna kiumbe anayesikiliza. Hata mume wangu hajanisikiliza tangu anioe."

Alfajiri ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Suqin aliteremka na kikapu kuosha majani ya haradali pale mto unapotokea chini ya genge, maji ya baridi yaliyotembea gizani chini ya mlima mzima kabla ya kuona jua la Shuikou. Aliosha, akapandisha kikapu kinachochuruzika maji, akaingia chini ya paa la daraja, maana daraja lao limeezekwa kama nyumba. Hapo akasikia sauti ya mwanamke.

Hexiang alikuwa amesimama penye uzio, koti kuukuu juu ya nguo yake nyekundu ya harusi, kikombe cha chai mikononi. Pembeni yake Zhangsheng amekumbatia jogoo.

"Mama," Hexiang alikuwa akiuambia mti, na hakunong'ona, "karibu chai. Mimi naitwa Hexiang. Kwetu ni tambarare, miti yetu haijui kulea watoto wa watu, kwa hiyo nikikosea unisamehe. Nimekuja kumchukua mwanao. Umemlea vizuri. Ila anakoroma."

"Hilo la nini tena?" Zhangsheng alinong'ona.

"Ni mama yako, analijua." Hexiang alipitisha mkono kwenye nondo, akaimimina chai polepole mizizini. Sauti yake ikabadilika. "Kuna mwanamke kule nyumbani kanyamaza miaka yote ili huyu aishi. Mimi jana nilimfikiria vibaya. Tafadhali mama, mrudishie. Wewe una ndege wengi, yeye ana huyu tu."

Zhangsheng akatoa kitambaa chekundu, akakisoma kibao tena, akakuna kichwa. Kisha akakifunga kwenye uzio.

"Wamekataza mti," alisema. "Nondo hawakuzikataza."

Juu darajani neno la kuwazuia lilimfika Suqin mdomoni. Aligeuka kuutazama mlima, lakini ukungu ulikuwa umefunika vichaka vya chai na yote yaliyo nyuma yake, akabaki na mti tu mbele yake. Mti ule ulikuwa umemshika mtoto wake kwenye homa, kwenye mafuriko, kwenye lile handaki lililoporomoka siku aliyokuwa likizo. Ulifanya kazi yote uliyoombwa. Na malipo yake, lile neno, ulikaa nalo miaka yote hiyo bila kulitumia. Suqin aliona aibu, kisha akaona huruma, na hakujua anauhurumia mti au anajihurumia mwenyewe.

Zhangsheng alikuja bila kutazama nyuma, kama inavyopasa. Alipoingia darajani akamwona, akasimama, na mdomo ukafuata mazoea yake.

"Shangazi! Mbona umetoka bila koti?"

Suqin aliuelekeza uso wake majini.

"Shangazi?"

Alikishika kikapu kwa nguvu. Maji ya majani yalimchuruzika miguuni, baridi yakauma, naye hakugeuka. Miaka yote hiyo aliitika, na leo hakuitika.

Hexiang, aliyekuja nyuma, alielewa wa kwanza. Alimpokonya mchumba wake jogoo, akampiga kiwiko cha mbavu. Lile jitu la mtu, linalolipua milima, likasimama na mikono mitupu halijui liiweke wapi. Lilijaribu mara moja, sauti haikutoka. Likajaribu tena.

"Mama."

Mto ulinguruma chini. Hakuna kilichoanguka kutoka mlimani, hakuna kilichoinuka majini. Jogoo alipiga mbawa tu. Suqin akageuka, machozi yanamtiririka bila kujali harusi wala wageni, akajaza kifua pumzi, na akajibu kwa sauti ya kufika mpaka kwenye vichaka vya chai, asikie anayetaka kusikia.

"Naam, mwanangu! Njoo unipokee kikapu, mikono imekufa ganzi."